Kikapu kinachopika bila moto



Katika somo hili tutajifunza kazi ya mikono ambayo kila nyumba kambini inaweza kuifanya kwa siku moja, na pengine bila kununua kitu chochote. Tutatengeneza kikapu cha kutunza joto, kisha tutapika maharage ndani yake. Somo hili ni la akina mama na akina baba, vijana na wazee, wenye watoto na wanaoishi peke yao. Ukiwa na jirani asiyejua kusoma, tafadhali msomee, na mfanye kazi hii pamoja.

Tatizo tulilo nalo

Chakula tunachopata kwa mgawo hakiliwi kibichi. Unga unataka moto. Maharage yanataka moto mrefu zaidi. Iwe tunapewa chakula chenyewe au fedha za kununulia, swali linabaki lile lile: kuni zitatoka wapi?

Kila nyumba inajua njia tatu. Njia ya kwanza ni kwenda porini. Mara nyingi wanaokwenda ni akina mama na wasichana, na kila mwaka miti ya karibu inapungua, kwa hiyo safari inakuwa ndefu. Huko njiani kuna nyoka, mvua na radi. Kuna ugomvi na wenyeji ambao miti hiyo ni yao. Tena wako watu wabaya wanaowavizia wanawake, na jambo hili hatupaswi kulinyamazia.

Njia ya pili ni kununua kuni au mkaa. Asiye na fedha huuza sehemu ya chakula ili aweze kupika kinachobaki. Mwisho wa mwezi unafika na mfuko ni mtupu.

Njia ya tatu ni kupunguza moto: kuyatoa maharage mekoni kabla hayajaiva, au kuacha kuyapika kabisa na kula ugali mtupu. Watoto ndio wanaoumia kwanza.

Kikapu tutakachotengeneza hakiondoi matatizo haya yote. Lakini kila sufuria inayomaliza kuiva ndani ya kikapu ni kuni ambazo hukuzitafuta, na kila mzigo wa kuni usiotafutwa ni safari moja ambayo mtu wa nyumbani mwako hakwenda.

Tuliyoyaona mwaka 1994

Wako miongoni mwetu wanaokumbuka mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka hapo Rusumo na kuingia Tanzania katika muda wa siku moja hivi. Wakapiga kambi Benaco, wilaya ya Ngara. Mwezi wa Julai, watu wengi kuliko hao waliingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Baadhi ya kambi zao zilikuwa karibu kabisa na Hifadhi ya Virunga.

Watu hao wote walihitaji kupika. Hawakuwa na njia nyingine, wakakata miti. Baada ya muda mfupi vilima vilivyokuwa na miti vikabaki wazi, na waliokwenda kuni wakalazimika kutembea mbali zaidi kila wiki. Mwaka huo huo wa 1994 Hifadhi ya Virunga iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Aliyekimbia na watoto mgongoni hawezi kulaumiwa kwa kuwasha moto. Tunasema ili tukumbuke kwamba msitu ukisogea mbali, haurudi kwa haraka, na anayelipa gharama ya umbali huo ni yule anayebeba mzigo kichwani.

Kwa nini chakula kinaiva bila moto

Fikiri kidogo juu ya sufuria ya maharage iliyo mekoni. Maji yanapochemka, wengi wetu tunaendelea kuongeza kuni tukidhani joto ndani ya sufuria litazidi. Sivyo. Maji yakishachemka hayazidi joto lile, hata ukiwasha moto mkubwa namna gani. Yatageuka mvuke na kupotea hewani tu.

Pwani, kwenye usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kila unapopanda juu karibu mita 300, huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Huku kwenye Maziwa Makuu kambi nyingi ziko kati ya mita 1,000 na 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hadi 97 hivi. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva milimani kuliko pwani.

Sasa basi, kama joto haliongezeki, moto ule wa saa mbili unafanya kazi gani? Unafanya kazi ya kurudisha joto linalokimbia. Sufuria iliyo wazi juu ya mafiga inapoteza joto kwa pande zote: kwa mvuke unaotoka juu, kwa upepo unaopita ubavuni. Wewe unaongeza kuni ili kulipa deni hilo.

Harage halijui kama chini yake kuna moto. Linachojua ni joto tu. Ukiweza kulizuia joto lisitoke, maharage yataendelea kuiva hata kama moto umezimwa zamani.

Jambo hili si geni kwetu. Wengi tumeona chupa ya chai. Chai iliyowekwa asubuhi inakutwa ya moto mchana, na ndani ya chupa hamna kaa hata moja. Chupa ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka 1892 na mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar. Ina kuta mbili, na hewa iliyo katikati imeondolewa ili joto lisipate njia ya kupita.

Sisi hatuwezi kuondoa hewa, lakini tunaweza kuifunga isitembee. Hewa iliyonaswa ndani ya nyasi kavu au matambara haitembei, na hewa isiyotembea haibebi joto upesi. Ndivyo anavyofanya kuku anapotutumua manyoya wakati wa baridi. Ndivyo anavyofanya mama anapomfunika mtoto kwa nguo mbili.

Wala usidhani kwamba hii ni njia ya maskini peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945), makaa na gesi vilipopungua Uingereza, watu wa huko walihimizwa kupika kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu. Kikapu chetu ni ndugu wa sanduku hilo.

Vifaa vinavyohitajika

1. Sufuria yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Sufuria isiyo na mkono mrefu ni bora, maana mkono huacha nafasi ya joto kutoka.

2. Kikapu kikubwa, boksi gumu la katoni au ndoo pana kuukuu. Sufuria ikikaa katikati, ibaki nafasi ya upana wa kiganja (karibu sentimita 10) kila upande, chini na juu.

3. Vitu vya kujazia: nyasi zilizokauka vizuri, majani makavu ya migomba, matambara, vipande vya blanketi kuukuu au maganda ya mpunga. Tumia kile kilicho karibu nawe. La muhimu ni kiwe kikavu kabisa.

4. Mifuko miwili mitupu ya unga, iliyofuliwa na kuanikwa.

5. Sindano na uzi, au kamba nyembamba.

Jinsi ya kutengeneza

*Hatua ya kwanza.* Tandika mfuko mmoja ndani ya kikapu. Weka vitu vya kujazia chini, ushindilie kwa mkono mpaka vifike unene wa kiganja. Usishindilie hadi viwe vigumu kama udongo, kwa sababu tunataka hewa ibaki ndani yake.

*Hatua ya pili.* Weka sufuria tupu katikati, na mfuniko wake. Jaza nyasi au matambara kuizunguka pande zote mpaka ukingo wa sufuria. Hakikisha hakuna tundu.

*Hatua ya tatu.* Itoe sufuria polepole. Litabaki shimo lenye umbo lake, kama kiota. Funika kiota hicho kwa kitambaa safi na ukishone pembeni kwenye mfuko, ili nyasi zisiingie katika chakula.

*Hatua ya nne.* Chukua mfuko wa pili na ushone mto. Ujaze vitu vile vile, uwe na unene wa kiganja. Mto huu utakaa juu ya sufuria. Uwe mpana kuliko mdomo wa kikapu ili uzibe kila upande. Joto hupenda kupanda juu, kwa hiyo mto mwembamba huharibu kazi yote.

*Hatua ya tano.* Kijaribu kikapu kwa maji kabla ya kukiamini na chakula. Chemsha sufuria iliyojaa maji, ifunike, iweke kikapuni, weka mto juu na uiache kwa muda wa saa tatu. Kisha gusa ubavu wa sufuria kwa uangalifu. Ukiondoa mkono mara moja kwa sababu ya joto, kikapu ni kizuri. Mkono ukiweza kukaa hadi uhesabu tano, joto linatoka mahali fulani. Tafuta tundu, ongeza vitu vya kujazia, jaribu tena. Maji hayo usiyamwage. Yanafaa kuogea mtoto yakishapoa kiasi.

Jinsi ya kupika maharage

Jioni, chambua maharage, yaoshe, kisha yaloweke katika maji mengi: kikombe kimoja cha maharage kwa vikombe vitatu vya maji. Yakae usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Usiruke hatua hii. Harage lililolowekwa limekwisha kufanya nusu ya safari.

Asubuhi, mwaga maji ya kulowekea. Unaweza kumwagilia bustani yako ya mboga. Osha maharage, weka maji mapya yapite juu yake kwa urefu wa vidole viwili. Usiweke maji mengi kama unavyofanya ukipika mekoni, kwa sababu ndani ya kikapu mvuke haupotei. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka.

Washa moto na ufunike sufuria. Maji yakianza kuchemka kwa nguvu, anza kuhesabu muda. Yachemke dakika 30 kamili. Kama nyumbani kuna simu, iwekee kengele ya dakika 30. Hata simu ndogo ya vitufe huwa na saa. Usikadirie kwa macho. Sababu ya dakika hizo utaisoma hapa chini.

Dakika 30 zikitimia, ondoa sufuria bila kufungua mfuniko. Futa masizi chini na pembeni, na uangalie kwa makini kama hakuna kaa lililogandamana. Iweke kikapuni mara moja, weka mto juu, kandamiza. Zima moto kwa udongo au mchanga, na vipande vya kuni vilivyobaki vitunze kwa ajili ya jioni.

Sasa kiache kikapu kwa muda wa saa nne. Usifungue kuchungulia. Kila ukifungua, joto linatoka, na hakuna moto wa kulirudisha. Ukiwa umeweka kikapuni saa 2 asubuhi, utafungua saa 6 mchana. Katikati hapo unaweza kwenda kliniki, kwenye foleni ya mgawo au shambani. Hakuna wa kukaa akichochea moto, na hakuna mtoto wa kuachwa nyumbani alinde sufuria.

Ukifungua, bonyeza harage moja kwa vidole. Likiwa laini hadi katikati, rudisha sufuria kwenye moto mdogo, tia kitunguu, mafuta na chumvi, yachemke tena dakika 10, kisha mle. Likiwa bado gumu, endelea kuchemsha mekoni hadi yaive. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu. Safari nyingine yachemshe dakika 45 kabla ya kuyaweka kikapuni.

Vyakula vingine

*Mchele:* kwa vikombe viwili vya mchele tumia vikombe vitatu vya maji. Uchemke dakika 5, kisha kikapuni kwa muda wa saa moja. Ule mara ukitolewa. Wali usiuweke hadi jioni.

*Mahindi yaliyokobolewa, au makande:* loweka usiku kucha. Chemsha dakika 30, kisha kikapuni kwa muda wa saa tano. Malizia mekoni kama maharage.

*Viazi:* vikate vipande. Vichemke dakika 10, kisha kikapuni kwa muda wa saa moja.

*Uji:* ukoroge hadi uchemke vizuri kwa dakika 10, kisha kikapuni. Utaiva zaidi na kubaki wa moto kwa mgonjwa au mtoto.

*Ugali* hausongwi kikapuni. Lakini ukishaiva mekoni, unaweza kuutunza humo ubaki wa moto mpaka wote wafike.

*Nyama* iache kwanza mpaka uwe umekizoea kikapu chako na kujua kinavyotunza joto.

Mambo ya hatari ambayo lazima tuyajue

Soma sehemu hii mara mbili.

*Maharage mekundu yasiyochemshwa ni sumu.* Ndani ya maharage mabichi, hasa mekundu, kuna kitu kinacholeta kutapika na kuhara. Hata punje chache mbichi zinaweza kumwangusha mtu mzima ndani ya saa chache. Kuchemka kwa nguvu ndiko kunakoondoa sumu hiyo. Joto la uvuguvugu haliiondoi, na linaweza hata kuizidisha. Kwa hiyo kamwe usiweke maharage kikapuni kabla hayajachemka. Kitabuni utaona wengine wakisema dakika 10 zinatosha. Sisi tunasema 30, kwa sababu huku milimani maji huchemka kwa joto pungufu, tena kuni za nyumbani si saa ya kuaminika.

*Chakula kisizidi muda wa saa sita kikapuni.* Vijidudu vinavyoharibu chakula huzaliana upesi kikiwa vuguvugu, chini ya nyuzi 60. Vingine huacha sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi. Kwa hiyo usiweke sufuria kikapuni jioni ili uifungue asubuhi. Ukifungua ukakuta chakula kimepoa kabisa, au kinanuka uchachu, kimwage. Najua inauma kumwaga chakula. Ugonjwa wa kuhara unauma zaidi.

*Usiweke kaa la moto kikapuni, wala usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba unamolala.* Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala na hawaamki. Kikapu hakihitaji kaa lolote. Joto lake liko ndani ya chakula.

*Kikapu hakisafishi maji.* Maji ya kunywa yanayohitaji kuchemshwa yachemshwe mekoni hadi yatokote.

*Weka kikapu mahali ambapo watoto hawatakikwaa,* na mbali na moto, kwa sababu nyasi na matambara hushika haraka. Mara moja kwa wiki vitoe vitu vya kujazia uvianike juani. Nyasi zenye unyevu huoza, na hazitunzi joto.

Pima mwenyewe

Usikubali maneno ya karatasi hii bila kuyajaribu. Fanya hivi. Funga mizigo miwili ya kuni iliyo sawa, kwa kamba za urefu mmoja. Siku ya kwanza pika maharage mekoni kama ulivyozoea, ukitumia mzigo wa kwanza tu. Siku ya pili pika kipimo kile kile cha maharage kwa kikapu, ukitumia mzigo wa pili. Kisha linganisha vilivyobaki, ukiwaita majirani washuhudie.

Baada ya hapo hesabu. Kama nyumba yako hupika maharage mara nne kwa wiki, kuni zilizobaki mara nne ni kiasi gani? Katika mwezi mmoja ni safari ngapi za porini ambazo hazikufanyika? Au ni vikombe vingapi vya unga ambavyo havikuuzwa ili kununua mkaa? Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni cha unga.

Kikapu kitafanya kazi vizuri zaidi ukizishika na desturi hizi: pasua kuni ziwe nyembamba, zikaushe juani kabla ya kuzitumia, kinga meko dhidi ya upepo, na funika sufuria muda wote. Kuni mbichi hutumia moto wake mwingi kukausha maji yake yenyewe, na moshi wake unaumiza macho na vifua vya watoto.

Ikilazimu kwenda porini

Kikapu kinapunguza safari, hakizimalizi zote. Anayekwenda azingatie haya.

Uliza kwanza kwa kiongozi wa mtaa wako ni eneo gani linaloruhusiwa na siku gani. Nendeni kikundi, wanaume wakiwemo, na mrudi pamoja mchana kweupe. Mwambie mtu nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Mwenye simu aichaji kabla ya kuondoka na asiimalize kwa muziki njiani. Lakini simu isiwafanye mwende mbali zaidi, maana porini mtandao hukatika. Kuwa pamoja kunalinda kuliko simu.

Okoteni kuni kavu zilizoanguka. Kabla ya kushika gogo, ligeuze kwa fimbo, na usiingize mkono penye shimo. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, wala msifunge kamba ya kukaza. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, mkambebe hadi kituo cha afya haraka.

Radi ikianza, ondokeni kileleni na chini ya mti uliosimama peke yake. Wekeni chini mapanga na mashoka.

Mwanamke au msichana akishambuliwa na kubakwa, si kosa lake, wala si aibu ya nyumba. Afikishwe kituo cha afya mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyosaidia zaidi. Ni haki yake kutibiwa na kutunziwa siri.

Neno kwa akina baba na vijana

Kutengeneza kikapu si kazi ya mama peke yake. Anayejua kusuka asuke. Mwenye panga akate nyasi. Kijana anayejua kushona ashone mito ya majirani, naye apate shukrani. Bibi anayeishi peke yake au mama anayejifungua wiki hii hawezi kukata nyasi. Nyumba tatu zinaweza kukaa pamoja siku moja na kumtengenezea.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuongeza kuni hakuzidishi joto la maji yaliyokwisha kuchemka?
2. Maharage yachemke dakika ngapi kabla ya kuingia kikapuni, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini sufuria ijae angalau theluthi mbili?
4. Chakula kikae kikapuni kwa muda usiozidi saa ngapi?
5. Katika nyumba yako, ni nani anayekwenda kuni? Mara ya mwisho alitembea muda gani, na alirudi saa ngapi?

Swali la tano halina jibu katika karatasi hii. Mwulize mwenyewe leo jioni, wakati maharage ya kesho yanalowekwa.